Mtoto akitoka bloki (chumba cha upasuaji), sikiliza pumzi yake

Mtoto anayelia baada ya dawa ya usingizi anapumua. Tunayemwogopa ni yule aliyenyamaza: mbavu zinabonyea, tumbo linapanda na kushuka, lakini ukiweka kiganja mbele ya pua huhisi hewa yoyote. Hiyo ni laringospasimu. Tone la damu au mate limegusa nyuzi za sauti, nazo zimejifunga.

Hutokea zaidi mtoto akiwa katikati, hajalala vizuri wala hajaamka. Kwa hiyo fyonza mate kwanza, kisha toa mpira wa kupumulia uliowekwa kooni akiwa bado kwenye usingizi mzito au akiwa ameamka kabisa. Aliyekuwa na mafua ndani ya wiki mbili yuko hatarini zaidi. Mama aulizwe hilo mapema, na upasuaji usio wa dharura, kama wa ngiri, ungoje.

Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mtoto mdogo naye, kwa kila kilo, hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake ni ndogo. Msafirishe amelala ubavu, oksijeni ikiwa puani. Umeme ukikatika konsantreta (mashine ya oksijeni) inazima, basi chupa ya oksijeni iliyojaa iwe karibu, imeshajaribiwa.

Laringospasimu ikitokea, ita msaada. Safisha kinywa, sukuma taya mbele huku vidole vikibana kwa nguvu nyuma ya ndewe za masikio, pande zote mbili. Barakoa ikae imara usoni, oksijeni 100%, shinikizo la kudumu. Usikamue mfuko wa hewa wa barakoa kwa nguvu: hewa itaingia tumboni na kubana mapafu. Isipoachia, propofol (dawa ya usingizi) 0.5 hadi 1 mg kwa kilo; bado, suxamethonium (dawa ya kulegeza misuli) 1 hadi 2 mg kwa kilo mshipani, pamoja na atropini (ya kuzuia moyo usipungue kasi) 0.02 mg kwa kilo. Hakuna mshipa? Suxamethonium 4 mg kwa kilo kwenye msuli. Mtoto wa kilo 12 atapata 48 mg. Hesabu hizi ziandikwe kabla ya upasuaji, maana kichwa hakihesabu vizuri mtoto akigeuka bluu. Moyo ukipungua kasi, mara nyingi ni oksijeni iliyokosekana.

Akishapona, mwangalieni kwa saa kadhaa. Povu la rangi ya waridi mdomoni ni maji kwenye mapafu, yaliyovutwa na kifua kilichokuwa kikipambana na koo lililofungwa. Arudishiwe oksijeni na shinikizo mara moja.