Corolla 110 iliyopita mikono ya mafundi watatu: nilivyoamua nisiiuze wala nisiibadilishie injini

Kila aliyeinamia boneti ya gari lile alisema moja kati ya mawili: "Bosi, uza huu mkweche," au "Bosi, weka injini nyingine." Hakuna hata mmoja aliyesema tupime kwanza. Naandika haya kwa hasira kidogo, maana ushauri wa aina hiyo nimeulipia.

Gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A-FE, cc 1498, namba A, rangi imeshapauka. Ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo kabisa: brashi za mota ya feni zilikwisha, feni ikawa haizunguki. Likikimbia barabarani, upepo unapoza rejeta, huoni kitu. Likikaa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, linachemsha. Dalili hiyo peke yake, kuchemsha kwenye foleni tu, ingetosha kumpeleka fundi kwenye feni.

Fundi wa kwanza akatoa thamostati, kile kivali kinachofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. "Hizi ni za nchi za baridi, mzee." Sentensi hii imeua injini nyingi mjini kuliko ajali. Kwenye injini za Toyota za familia hii thamostati inakaa upande wa chini, maji yanapoingilia kwenye injini, na ina sahani ya pili nyuma yake. Injini ikipata moto, mdomo wa mbele unafunguka kuelekea rejeta, na sahani ya nyuma inaziba njia ya mkato ambayo maji huipitia kuzunguka ndani bila kufika kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini vilevile ilivyotoka. Kwa hiyo asubuhi injini inachelewa kupata joto na inakunywa petroli, na kwenye mlima au foleni inachemsha zaidi ya mwanzo. Dawa ya joto la Dar ikawa ndiyo sababu.

Likachemsha tena, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi juu na bloku chini, ikaungua. Fundi wa pili akafungua hedi, akaisugua kwa msasa kwa mkono, akapaka silikoni ya bluu pande zote mbili za gasketi mpya, akakaza bolti kwa nguvu za bega. Ilidumu kama wiki tatu. Wa tatu akaleta mota nyingine ya feni, akaiunga moja kwa moja na swichi ya ufunguo kwa waya mwembamba kama wa spika. Waya ukayeyuka. Hapo ndipo ushauri wa "weka injini" ulipoanza kumiminika.

Kabla ya kushika spana nilitafuta bei tatu. Gari likiuzwa lilivyo, bovu, madalali walizunguka kwenye milioni mbili na kidogo. Likiuzwa zima, linatembea na halichemshi, kama nne na nusu. Likichinjwa na kuuzwa vipande, gearboksi, milango, taa, rimu, pengine lingefika tatu, lakini hiyo ni kazi ya miezi, na mwisho unabaki na bodi uani ambayo anaitaka mtu wa chuma chakavu peke yake. Tofauti ya bovu na zima ni kama milioni mbili na nusu. Nikaikata katikati, kwa sababu gari lililoguswa na watu watatu lina maajabu ambayo bado hujayaona. Kikomo changu kikawa milioni moja na laki mbili. Likizidi hapo, linaondoka lilivyo, hata kama imebaki bolti moja.

Injini ya mtumba ya 5A pekee ingekula karibu kiasi hicho chote, hujaweka ufundi, oili, na usumbufu wa soketi za waya pale injini inapokuwa imetoka kwenye Corolla ya toleo jingine. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha bila kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kadi irekebishwe, siku ya kuuza mnunuzi akainamia boneti na kadi mkononi, biashara imekufa. Na injini ya mtumba nayo huijui ilichemshwa na nani.

Swali la kwanza: je, sehemu ya chini ya injini ni nzima? Hedi inatengenezeka. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake zikishaliwa, hesabu yote inabadilika. Nilimwaga oili, nikaangalia kama imekuwa chai ya maziwa, haikuwa. Nikapasua filta ya oili kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, vumbi la msumeno litaingia ndani na kukudanganya. Ile karatasi ya ndani niliikamua kwenye jiliwa, nikaisuuza kwa petroli juu ya sahani nyeupe, nikapitisha sumaku. Unga unaong'aa ambao sumaku haiushiki mara nyingi ni wa beringi. Punje mbili tatu ni kawaida kwa injini ya umri ule. Ukiona vipande unavyoweza kuvichukua kwa kucha, piga simu kwa dalali siku hiyohiyo. Mimi nilikuta kiasi kidogo sana, pamoja na chembe za mchanga wa msasa wa fundi wa pili. Ningechelewa miezi miwili, mchanga ule ungemaliza beringi.

Kisha kompresheni, yaani nguvu ambayo kila silinda inabana hewa, na hapa nilijiaibisha mwenyewe. Nilichomeka geji, nikapiga starta, nikapata 8, 4.5, 5 na 8. Kiwango cha chini cha injini hii ni kilo 10 kwa sentimita ya mraba, na ikiwa nzima kabisa ni kama 13.5. Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya dalali ndipo nikakumbuka: sikukanyaga mafuta, na betri ilikuwa inalia kama paka. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa, silinda inavuta upepo kidogo, basi inabana kidogo. Kipimo kizima kilikuwa cha uongo.

Nikarudia. Injini ya uvuguvugu, plagi zote nne nje, soketi ya distribyuta imechomolewa ili kusiwe na moto wala petroli, mtu amekanyaga mafuta hadi sakafuni, gari jingine limebusti. Ikaja 12.5, 7, 7.5, 12. Hapo picha ikawa safi. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1, na hapa mbili zilizopakana, ya 2 na ya 3, zimeanguka pamoja. Nikatia kijiko cha chai cha oili kwenye kila moja na kupima tena: zilipanda nusu kilo tu. Zingekuwa ringi, oili ingeziba na geji ingeruka. Gasketi imeungua kati ya silinda mbili, basi. Sehemu ya chini ni nzima. Gari haliuzwi.

Kufungua hedi sitaeleza, anayejua anajua. Isipokuwa hili: legeza bolti 10 kuanzia nje kwenda katikati, kidogokidogo kwa mizunguko, ukitoa moja moja hadi mwisho utaipinda mwenyewe. Ndani nilikuta njia nyeusi ya moto kati ya 2 na 3, na matundu ya maji yana silikoni ya bluu inayoning'inia kama tambi. Gasketi ya hedi haipakwi kitu. Silikoni ina mahali pake, kwenye sampu na kona za kava ya vali, basi. Ikibanwa kwenye hedi inatokeza ndani, inakatika, inasafiri na maji, inaziba vijitundu vya rejeta. Kuzunguka tundu moja la maji aluminiamu ilikuwa imeliwa kama jibini, kazi ya maji ya kisima ya chumvi ambayo kila mtu alikuwa anajazia.

Kupima kama hedi imepinda, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa pembe. Kikomo ni 0.05 mm. Kama huna fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, karatasi ya A4 ya kawaida ina unene wa karibu 0.1 mm, ikipita chini ya rula, hedi imepinda mara mbili ya kinachoruhusiwa. Yangu ilipita. Fila ikasoma 0.12. Kabla ya kuipeleka mashine, ipimwe nyufa kwa presha, kwa sababu ukiskimu, yaani ukiusawazisha uso wake, kwanza halafu ukakuta ufa, umelipia chuma cha kutupa. Nikawaambia waondoe kiasi cha kunyoosha tu. Kule kuliwa na chumvi hakukufika kwenye mstari wa kubana, nikashukuru. Uso wa bloku nao nilipima, ulikuwa sawa. Ungekuwa umepinda, kikomo changu kingevunjika palepale.

Sasa bolti. Kilichonishangaza ni matundu yake kwenye bloku. Yalikuwa na maji, oili na mchanga wa msasa. Maji hayabaniki. Bolti ikishuka inakutana na maji chini ya tundu, inakuwa nzito, fundi anadhani imekaza, kumbe hedi haijabanwa hata robo. Ukiongeza nguvu unaweza kupasua bloku. Ndiyo maana kazi yake ilidumu wiki tatu. Dawa ni bolti chakavu ya saizi ileile: ichanje mifereji miwili ya urefu kwa msumeno wa chuma, izungushe ndani ya kila tundu kwa mkono, itoe, ifute, rudia hadi itoke kavu, halafu puliza upepo. Vaa miwani, yale maji yanaruka usoni.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, sikuwa nayo na sikutaka kuazima ile ya jirani ambayo imeanguka mara nyingi. Bolti hizi zinakazwa hatua ya kwanza Nm 29, kisha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha nyuzi 90 nyingine. Nm 29 ni sawa na kilo 10 zikivutwa sentimita 30 kutoka katikati ya bolti. Nikachukua ile mizani ya ndoano ya kupimia mabegi, nikaihakiki kwa dumu la lita 10 la maji, nikafunga alama ya sentimita 30 kwenye mkono wa spana kuanzia katikati ya soketi, nikavuta kwa pembe mraba hadi isome 10. Gereji nzima ilicheka, wakaniita muuza samaki. Bolti zilipakwa oili nyembamba kwenye meno na chini ya kichwa, fupi upande wa inteki na ndefu upande wa ekzosi, nikaanza katikati kwenda nje. Hatua za nyuzi hazihitaji kipimo chochote: weka doa la rangi kwenye kila bolti, likitazama mbele ya gari. Robo ya kwanza litatazama pembeni, ya pili litatazama nyuma. Ukimaliza, madoa yote 10 yatazame nyuma. Wakati gharama ya kufungua imeshalipwa, weka pia sili mpya za vali, ziko 16, na taimingi belti. Belti ya 5A ikikatika vali hazigongi pistoni, lakini utalala njiani.

Thamostati mpya ya nyuzi 82 niliichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, irudishe dukani. Kale kapini kake kadogo kanaelekea juu ili hewa ipite.

Feni nilirudisha waya za kiwandani na mota ya mtumba kutoka Ilala. Wengi hawajui: swichi ya joto ya feni kwenye Toyota hizi inafanya kazi kinyume. Injini ikiwa baridi imefunga, ikipata moto inafungua. Kwa hiyo washa ufunguo, chomoa waya wa swichi. Feni ikizunguka, mota, rilei na fyuzi ni nzima, mgonjwa ni swichi. Isipozunguka, swichi usiiguse, shida iko kwingine. Fundi wa kwanza angechomoa waya huo mmoja, yote haya yasingetokea.

Kompresheni baada ya kazi: 12.3, 12, 12.2, 11.9. Jumla ilifika laki nane na ushee, sikuandika kila kitu, na sijahesabu soda za gereji. Oili niliimwaga tena baada ya kilomita 500 kwa sababu ya mchanga ule.

Rejeta niliisafisha kwa kusukuma maji kinyumenyume, kutoka bomba la chini kwenda juu, hadi tambi za bluu zikaisha. Nilidhani zimeisha. Mpaka leo nikifungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi, siku moja moja nakuta kapunje ka bluu kanaelea, nakatoa kwa kidole, nafunga, naondoka.