Watoto sita wa Malkia: kulea mbwa wa ulinzi miongoni mwa watu

Katika mitaa mingi ya Morogoro, kibao cha "Hatari, mbwa mkali" hutundikwa getini hata kabla mbwa mwenyewe hajapatikana, na anayekuja kuomba mtoto wa mbwa huanza kwa kuuliza iwapo mama yake ni mkali. Tangu Malkia, jike wangu wa kienyeji, alipozaa watoto sita mwishoni mwa Juni, nimeulizwa swali hilo na karibu kila aliyefika hapa Kihonda kuwaangalia. Baadhi yao waliongeza na ushauri: niwafungie bandani wasizoee watu, na mgeni asiwaguse, kwani mbwa aliyezoea kushikwashikwa hawezi kulinda. Mimi ninafanya kinyume cha ushauri huo, tena kwa sababu hiyohiyo ya ulinzi.

Wiki mbili za mwanzo kazi kubwa ni ya mama. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, na masikio hufuata siku chache baadaye. Hawezi kujipatia joto la kutosha, wala kukojoa bila mama kumlamba, kwa hiyo baridi huweza kumuua upesi kuliko njaa, na aliyepoa hapaswi kunyweshwa maziwa kabla hajapashwa joto, kwa sababu tumbo lake huwa haliwezi kuyasaga. Kwa kuwa Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi, nilimtengenezea Malkia kisanduku cha mbao chenye kuta za kukinga upepo, nikatandika magunia na kanga kuukuu, nikaweka chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo kwenye kona moja tu, ili atakayeona joto limezidi aweze kujivuta kando. Zaidi ya hapo, nilihakikisha kwamba kila mmoja ananyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, katika saa 24 za kwanza, maana humo ndimo ilimo kinga ya mama, na kwamba anapimwa kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni. Anayekua vizuri hufikia maradufu ya uzito wake wa kuzaliwa kwenye siku ya 10 hivi. Kule kuinuliwa na kurudishwa kwa dakika chache kila siku ndiko pia kunakomzoesha harufu na mkono wa mtu kabla hata hajamwona.

Kazi ya mwenye mbwa hasa huanza wiki ya tatu. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 au ya 14, mtoto wa mbwa hukipokea kwa wepesi kila anachokutana nacho na kukihesabu kuwa jambo la kawaida; muda huo ukipita, kitu kipya humtia shaka kwanza. Hii si dhana ya wapenda mbwa tu. Mwaka 1961, Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, waliofanya utafiti wao Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakitengwa na watu isipokuwa katika wiki moja ambayo kila kundi lilipangiwa. Wale walioachwa bila kuzoeshwa mtu yeyote hadi wiki ya 14 waligeuka kuwa kama wanyama wa porini, na majaribio ya kuwafuga baada ya hapo hayakufua dafu. Ukitazama vizuri, jaribio hilo ndilo tunalolirudia majumbani kila tunapomfungia mtoto wa mbwa bandani hadi afikishe miezi minne.

Ni kweli kwamba mbwa anayetokana na malezi hayo hubweka sana na huweza kuuma, lakini huuma kwa woga, na woga hauchagui. Atambwekea muuza mkaa, mwanafunzi, shangazi aliyewasili kutoka Kilosa na mwizi kwa sauti ileile moja, mpaka wenye nyumba wanazoea kutoamka. Akirushiwa jiwe, anajificha. Akibanwa kwenye kona, anamrarua mtoto wa mwenye nyumba. Mbwa anayejua watu wa kawaida wanavyofanana, wanavyotembea na wanavyobisha hodi ndiye anayeweza kutambua kwamba aliyeruka ukuta saa nane za usiku si mmoja wao. Isitoshe, moyo wa kulinda hauji utotoni. Hujitokeza mbwa anapokaribia kukomaa, na mtu anayetafuta ukali kwa mtoto wa wiki nane anachokiona kwa kawaida ni hofu.

Walipoanza kutembea, nilikihamishia kisanduku kwenye baraza ya uani, kati ya jiko na bomba la maji, mahali ambapo nyumba nzima hupita. Hapo walisikia kinu na mchi, sufuria zinazoanguka, redio, madumu yanayoburutwa, adhana ya alfajiri, honi za malori ya barabara ya Dodoma na matarumbeta ya harusi za Jumamosi, bila mimi kufanya jitihada yoyote. Mvua kubwa juu ya bati haikuwa na namna ya kupatikana katika kiangazi, basi wakati wanakula nilikuwa nikirusha punje za mahindi juu ya paa la banda la kuku, kwanza chache, kisha konzi nzima, na walipoacha kuinua vichwa nikajua yametosha. Niliwatembeza pia kwenye zege, nyasi, mchanga na kipande cha bati kinacholia kikikanyagwa.

Haya yote yana kipimo chake. Kitu kimoja kipya kwa siku, au viwili, kinatosha, na mtoto anayefyata mkia au kukataa chakula anachokipenda hasukumwi mbele. Kitu kile husogezwa mbali mpaka ale tena. Wengi hupita katika kipindi cha hofu kati ya wiki ya nane na ya kumi, ambapo tukio moja baya, kama kupigwa teke au kukoswakoswa na pikipiki, linaweza kumkaa mbwa maishani. Ni bahati mbaya kwamba huo ndio umri ambao wengi wao huhamishwa nyumba, na wengine husafirishwa ndani ya kiroba nyuma ya bodaboda.

Kuhusu watu, nilitafuta sura nyingi kuliko idadi kubwa. Mtu aliyebeba ndoo kichwani ana umbo jingine kabisa machoni pa mbwa. Vivyo hivyo aliyevaa helmeti, mzee mwenye mkongojo, mwanamke aliyevaa buibui, mtoto mwenye begi la shule mgongoni. Kwa watoto niliweka sheria chache nilizozisimamia kwa ukali: waje wawili wawili, wakae chini, wasubiri kufuatwa, na asiwepo wa kumnyanyua mbwa kwa miguu ya mbele. Asiyeweza kukaa chini alirudishwa getini bila mjadala.

Ushauri unaotoka ughaibuni husisitiza kwamba kila mgeni amkumbatie mtoto wa mbwa na kumwacha amlambe. Hapa kwetu nauona una kasoro. Waislamu wengi wa pwani na bara hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, ingawa kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa. Mbwa anayemrukia kila mpita njia kwa furaha, hata kama ana upendo tele, ni kero kwa jirani aliyetawadha na anayekwenda kuswali. Kwa hiyo nimewafundisha watoto hawa kuwa utulivu ndio wenye malipo: mtu anapita, mtoto anabaki na miguu yote minne chini, dagaa mmoja anadondoshwa mbele yake. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye hajawahi kumgusa mbwa na wala hatarajii, alikubali kusimama upande wa pili wa uzio kila jioni na kuwarushia dagaa hao mwenyewe. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na mafunzo yalikamilika. Kuku na mbuzi walijifunza kwa njia hiyohiyo, ingawa tetea mwenye vifaranga aliwapa somo lake binafsi kwenye pua.

Somo moja mwanadamu halifundishi vizuri, nalo ni la nguvu ya meno. Meno 28 ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya tatu, ni makali kama sindano, na watoto hung'atana mchana kutwa. Anayezidisha humsikia nduguye akilia na kuacha kucheza naye, au hukaripiwa na mama. Kwa kurudiwa tena na tena, hujifunza kushika bila kuumiza. Ndiyo maana siwatoi kabla ya wiki nane, hata kwa anayekuja na fedha mkononi akisema wa wiki tano ndiye atakayemzoea bwana wake vizuri.

Upo mgongano mmoja wa kweli kati ya kuwazoesha na kuwakinga. Chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoweza kumuua mtoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, kwa kuwa kinga iliyotoka kwa mama huzuia chanjo ya mapema isifanye kazi, na hakuna ajuaye itaisha lini kwa kila mmoja. Kusubiri chanjo ya mwisho ni kuupoteza muda wote wa kuzoeshwa. Virusi vya parvo, kwa upande mwingine, hukaa ardhini miezi mingi na huingia nyumbani kwa viatu. Suluhisho langu ni kikapu: wanabebwa hadi gengeni na kituo cha daladala, wanaona na kusikia kila kitu, lakini hawawekwi chini mahali wanapopita mbwa wa mitaani, na wageni huacha viatu getini. Dawa ya minyoo walianza kupewa wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo cha uzito, kwa sababu minyoo hiyo hupita kutoka kwa mama hata kabla ya kuzaliwa, na mayai yake udongoni huwadhuru watoto wetu pia.

Chakula nitakitaja kwa kifupi. Uji laini wenye dagaa waliosafishwa, kuchemshwa na kusagwa, pamoja na yai, kuanzia wiki ya nne. Ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekua, na unga wa mahindi yaliyoota ukungu, ambao watu huuita "unga wa mbwa," una hatari ya sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu letu.

Watano wamekwishapata kwao. Kila mmoja ameondoka na kadi yake ya chanjo, ambayo imeandikwa tarehe ya kurudi kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na kipande cha kanga chenye harufu ya mama yake kwa ajili ya usiku wa kwanza. Mfugaji mmoja wa ng'ombe alitaka madume mawili kwa pamoja ili wasisikie upweke. Nilimpa mmoja, kwa sababu ndugu wawili wanaolelewa pamoja mara nyingi hutazamana wao kwa wao kuliko kumtazama mwenye nyumba, na wakikomaa huweza kupigana. Aliondoka amenuna kidogo, na wa sita, mwenye doa jeupe kifuani, bado yupo nami.