Tangazo la sigara ya kielektroniki lihukumiwe kwa kuangalia linakofika

Mwaka 2015 kampuni ya Juul iliingiza sokoni nchini Marekani sigara ya kielektroniki inayofanana na flashi ya kompyuta, na ikaitangaza kwa rangi kali na picha za wanamitindo vijana. Matangazo ya sigara za kawaida yalikuwa yamepigwa marufuku kwenye redio na televisheni za nchi hiyo tangu 1971, lakini marufuku hayo hayakuihusu bidhaa hii mpya. Kampuni ilishikilia kwamba inawalenga watu wazima wanaotaka kuachana na sigara. Hata hivyo, kati ya 2017 na 2018 wanafunzi wa sekondari waliosema wanatumia sigara hizo waliongezeka kutoka takriban asilimia 12 hadi asilimia 21, na Daktari Mkuu wa Serikali akatangaza kuwa hilo ni janga.

Septemba 2022 Juul ilikubali kulipa dola milioni 438.5 ili kumaliza uchunguzi wa majimbo zaidi ya 30. Kwangu mimi, masharti yaliyoambatana na fedha hizo ndiyo yenye uzito zaidi: asionekane katika tangazo mtu mwenye umri wa chini ya miaka 35, yasiwekwe mabango barabarani, wala watu wenye wafuasi wengi mitandaoni wasilipwe kuisifu bidhaa. Masharti hayo hayaulizi kampuni ilikusudia nini, jambo ambalo ni gumu mno kulithibitisha. Yanaangalia tangazo linaonekana wapi na linamwonyesha nani.

Hapo ndipo ningependa Kenya ianzie. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilizuia matangazo ya tumbaku, lakini iliandikwa kabla bidhaa hizi hazijaenea, na mswada wa marekebisho wa 2024 uliowasilishwa na Seneta Catherine Mumma unakusudia kuziba pengo hilo. Naomba wabunge wasiishie kuandika kwamba ni kosa kuwalenga watoto, kwa maana hakuna kampuni itakayokiri kufanya hivyo. Wataje waziwazi mitandao ya kijamii, ufadhili wa tamasha za muziki na picha za matunda kwenye pakiti, kwa sababu nikotini, kemikali ya uraibu iliyomo katika sigara hizi, humnasa upesi zaidi kijana ambaye ubongo wake bado unakua.

Wapo wanaosema kwamba katazo kama hilo litamnyima mvutaji mtu mzima taarifa anazozihitaji. Mvutaji huyo anastahili kusaidiwa kwa dhati, na msaada huo aupate kwa mhudumu wa afya asiyelipwa kwa kila pakiti inayouzwa.