Fanesca ni kumenya

Kila Kwaresima nikituma picha ya fanesca, supu ya Juma Kuu, kwenye kundi la familia, ndugu zangu wa nyumbani huuliza swali moja: mbona mnakula hivi wakati wa mfungo? Juu ya supu wanaona yai la kuchemsha, ndizi mbivu za kukaanga, vipande vya jibini nyeupe, vidonge vya unga vilivyokaangwa, kotimiri na mnofu wa samaki. Kwa mtu aliyelelewa na Ijumaa Kuu ya chai ya rangi na muhogo, haiingii akilini. Mimi nimeolewa Quito, mji mkuu wa Ekuado, na kwa mama mkwe wangu nimejifunza kwamba anayeitazama sahani ameona mwisho wa kazi tu. Fanesca ni kumenya.

Kazi huanza Jumatano ya Juma Kuu, jioni, meza ya jikoni ikishafunikwa kwa magazeti ya zamani. Kuna njegere, maharage mabichi, mahindi mabichi yenye punje kubwa za milimani, adesi, dengu, na habas, yale maharage mapana ya kijani. Habas humenywa mara mbili. Kwanza unapasua ganda la nje lenye manyoya laini ndani. Kisha punje zinachovywa kwenye maji ya moto, na ngozi ya pili, nene, yenye kijistari cheusi kichwani, inatobolewa kwa ukucha. Ukibana kidogo, punje inachomoka yenyewe, kijani kibichi, imegawanyika vipande viwili. Ukiacha ngozi ile, supu inakuwa na rangi ya udongo na inakwaruza koo. Mama mkwe anaijua habas isiyomenywa kwa kijiko cha kwanza, na hutazama meza nzima hadi mwenye kosa ajitaje.

Halafu kuna chochos. Ni punje nyeupe za lupini, jamii ya maharage, na zikiwa mbichi ni chungu kiasi cha kudhuru. Huchemshwa, kisha hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa mara kwa mara, mpaka uchungu utoke. Akina mama wa sokoni wameshaifanya kazi hiyo. Sisi tunazinunua zikiwa kwenye mifuko yenye maji. Bado kila punje inabanwa kwa vidole viwili ili ngozi yake itoke. Zinateleza, zinaruka, watoto wanaziokota chini ya meza.

Hapo mezani ndipo mambo ya mwaka mzima husemwa. Mawifi zangu wawili walikuwa hawaongei kwa sababu ya kipande cha shamba alichoacha baba yao. Mama mkwe hakuwahubiria. Aliwapa bakuli moja la habas, akawakalisha upande mmoja wa meza. Ikafika mahali mmoja akamwambia mwenzake, “Dada, zako zina ngozi.” Yakaanzia hapo. Sikusikia yote waliyosemezana, maana mimi nilikuwa kwenye sinki na samaki, lakini Alhamisi asubuhi walikuja na gari moja.

Wengi watakuambia nafaka ni kumi na mbili, kwa ajili ya mitume. Wengine husema ni kwa ajili ya makabila ya Israeli, na samaki anasimama badala ya Kristo mwenyewe. Naipenda maana hiyo, na mama mkwe huwasimulia wajukuu hivyo hivyo, mtume mmoja mmoja, wakati wa kumenya. Lakini kwenye sufuria yetu hesabu haijawahi kutoka sawa. Ukihesabu mchele na karanga unazidisha, usipovihesabu unapungukiwa. Hakuna anayesumbuka.

Kinachonigusa zaidi ni majira. Katika nyanda za juu za Ekuado, miezi hii ndiyo nafaka zinakuwa changa, tamu, hazijakauka. Wakichwa, wenyeji wa asili wa milima hii, wana sikukuu yao ya moto mpya, Mushuk Nina, tarehe 21 Machi, jua linapokaa juu ya ikweta, na walikula nafaka changa zilizopikwa pamoja kabla Wahispania hawajaleta Kwaresima, maziwa na jibini. Pasaka nayo huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Ndiyo maana vitu hivi viwili vimeingia kwenye sufuria moja bila kugombana. Bibi anayetuuzia mahindi sokoni anasali rozari na anajua vizuri Mushuk Nina ni siku gani. Sijamwona akipata shida kuviunganisha.

Upishi wenyewe una sheria moja kubwa: kila nafaka huchemshwa peke yake. Quito iko kwenye mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 90 na kidogo tu, kwa hiyo maharage na dengu huchukua muda mrefu mno. Ukivitia vyote pamoja, njegere zitakuwa zimevurugika huku dengu zikiwa bado mawe. Siku hizo majiko yote ya nyumba yanawaka, pamoja na presha kuka mbili za kuazima kwa jirani. Mellocos, vile viazi vidogo vyenye utelezi wa bamia, huchemshwa na kusuuzwa kando ili utelezi usiingie kwenye supu.

Uzito wa supu unatokana na maboga. Kuna zapallo, la njano, na zambo changa, lenye ganda la kijani na madoa meupe, ambalo hutoa maji yake lenyewe likiwekwa kwenye moto mdogo. Yakishalainika yanapondwa. Pembeni unakaanga vitunguu vyeupe vya majani, vitunguu saumu na bizari ya pilau kwenye siagi iliyotiwa achiote, mbegu zinazotoa rangi ya machungwa. Ndipo maboga yanaingia, kisha nafaka moja baada ya nyingine, kisha karanga zilizokaangwa na kusagwa na maziwa. Kuanzia hapo mtu mmoja haachi kukoroga, maana karanga na maziwa vikishika chini vimeharibu kazi ya siku mbili.

Samaki ni wa chumvi, ng'onda hasa. Hulowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa, kisha anachemshwa taratibu kwenye maziwa, na maziwa yale ndiyo yanayomiminwa kwenye supu. Zamani aliyesifiwa zaidi alikuwa bacalao wa Galápagos, ambaye ni jamii ya chewa, aliyekaushwa visiwani na kuletwa bara kwa ajili ya Juma Kuu. Chewa huyo hukua polepole, na amepungua kwa kuvuliwa mno. Mimi nimemwomba mama mkwe tutumie samaki mwingine wa chumvi, akakubali, na sijasikia mtu akilalamika mezani.

Ijumaa Kuu saa sita mchana, maandamano ya Jesús del Gran Poder, yaani Yesu Mwenye Uwezo Mkuu, hutoka kanisa la San Francisco, katikati ya mji wa kale. Wenye toba huvaa kanzu za zambarau na kofia ndefu zilizochongoka zinazofunika uso, wengi wakitembea pekupeku, wengine na misalaba mabegani. Shemeji yangu huenda kila mwaka. Akirudi, mama mkwe humwosha miguu kwenye beseni, haruhusu mtu mwingine aifanye kazi hiyo, na hakuna anayegusa kijiko kabla yake. Tukiketi, supu ni nzito, ina chumvi ya samaki na utamu wa boga na ndizi, na sahani moja inakutosha hadi kesho yake. Bado kuna tini zilizopikwa kwa sukari guru, na jibini.

Siku hizi sokoni wanauza nafaka zilizokwisha kumenywa, na migahawa huanza kuuza fanesca wiki nyingi kabla ya Juma Kuu. Anayefanya kazi hadi usiku, na anunue. Afadhali hiyo kuliko kukosa. Ila kwenye nyumba yenye watu wanane na meza moja, naona ni hasara.

Jumamosi hupelekwa bakuli kwa majirani waliotuazima presha kuka, nao wanaturudishia la kwao, ndipo unaonja kama wametia mellocos au la. Supu iliyolala huwa imeganda. Iongezee maziwa ya moto, si maji, ipashe kwenye moto mdogo bila kuichemsha, na jibini utie mwisho kabisa, jiko likishazimwa.