Kibonge akishikwa na mafua mimi naangalia saa

Julai hii Nairobi baridi imezidi, si mnajua ile ya asubuhi ukungu na mchana pia jua limegoma, na shuleni kwa mwanangu Kibonge nusu ya darasa wanakohoa, nikajua tu zamu yetu iko njiani. Jumanne akarudi kamasi zinamchuruzika, Jumatano usiku mwili moto, napima 38.6. Kwa mtoto wa jirani hio ni panadol, uji, blanketi, kesho anaamka anaruka. Kwetu sisi ndo hesabu zinaanza.

Kwa mgeni hapa, Kibonge si jina lake, ni mtaa umempa kwa sababu ya mashavu, ana mashavu kama ya mdoli na kitumbo kimetokeza, miguu na mikono myembamba. Ana miaka 5, kilo 17. Ana ugonjwa unaitwa GSD (glycogen storage disease) aina ya 1a, unampata kama mtoto mmoja kwa kila laki moja, na Kiswahili chake sijawahi kukisikia kwa yeyote kwa hio nimezoea kuueleza hivi. Ini la kila mtu linaweka akiba ya sukari, ukikaa masaa hujala linafungua akiba linarudisha sukari kwenye damu, ndo maana ukifunga Ramadhani unachoka lakini huzimii. Kibonge akiba anaweka vizuri, tena anaweka kupita kiasi mpaka ini limevimba, hicho ndo kitumbo chenyewe, ila kile kimeng'enya cha mwisho cha kuitoa hana. Ni kama una hela kwenye M-Pesa na PIN huna, salio unaliona na njaa inakuua. Na ile njia nyingine ya mwili kujitengenezea sukari kutoka kwenye protini nayo inapita mlango huohuo, yaani imefungwa pia. Akikaa masaa manne bila kitu tumboni sukari inaporomoka.

Dawa yake ni chakula. Wanga wa mahindi mbichi, gramu 27 kila baada ya masaa manne, mchana na usiku, kwa mizani. Sio unga wa sembe jamani, nimeshachoka kueleza, ni ule mweupe laini wa kugandishia sosi, ule ukiubana kwa vidole unalia. Unakorogwa na maji baridi, ukitia maji moto umeharibu, maana mbichi unameng'enywa polepole na kutoa sukari kidogo kidogo, ukipika unaisha mara moja. Mambo haya yameanza kuandikwa na madaktari mwaka 1984 tu, kabla ya hapo watoto kama yeye walikuwa wanalishwa usiku kucha kwa mrija wa puani. Mimi nikichoka kuamka saa nane usiku huwa nawafikiria mama zao.

Tulivyojua sasa. Alikuwa na miezi saba, akaanza kulala usiku mzima bila kunyonya, na kila mtu ananipongeza, wifi yangu akasema mtoto gani mstaarabu hivi. Asubuhi moja nikamkuta amelowa jasho, macho yamegeuka juu, anatetemeka mkono mmoja. Tulikuwa Tanga bado, nyumba nzima ikasema degedege. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye mapenzi kweli na wajukuu zake, akatuma mtu akatafute kinyesi cha tembo tumfukize. Kwa bahati babake akamchukua mbio hospitali na daktari wa zamu alikuwa wa kupima kila kitu, akapima sukari, kipimo kikaandika Lo tu, yaani iko chini mno, hata namba hakikutoa. Majibu ya vinasaba yalikuja baadaye sana kutoka nje. Inatakiwa baba na mama wote wawili wawe wamebeba, halafu kila mimba ni robo. Mimi na babake tuna babu mmoja. Hapo hatuongei sana.

Haya turudi Jumatano. Homa kwa mtoto huyu inafanya mambo matatu kwa mpigo: inachoma sukari haraka kuliko kawaida, inamwondolea hamu ya kula, na mara nyingi inaleta kutapika. Sasa mtoto ambaye dawa yake ni chakula akitapika umebaki na nini? Joto lenyewe haliniogopeshi sana, nimeshaliona 39.5 akiwa anacheza na gari zake na sikutikisika, na nimeshaliona 37.9 amekataa kikombe nikatetemeka mimi. Kwa hio thermometa naiangalia mara moja, baada ya hapo macho yako ukutani kwenye saa. Ametumia kikombe saa ngapi, amemaliza au amebakisha, amekaa nacho dakika ngapi.

Tuna barua yetu ya siku za ugonjwa, ameandika daktari wake. Akiwa na homa masaa manne yanakuwa matatu, katikati anapata maji ya glukosi. Akitapika ndani ya nusu saa narudia mara moja. Akitapika tena, safari, hakuna kusubiri kupambazuke. (Namba hizi ni zake yeye, mtoto wako ana barua yake na daktari wake, usichukue kwangu.)

Saa moja usiku jirani wa ghorofa ya pili akapanda na jagi la juisi ya embe, Mungu ambariki, ananiambia Mama Kibonge mpatie hii ina vitamini, mafua itaisha. Nikamshukuru nikaiweka juu ya friji. Kila mtu anadhani ugonjwa wa sukari kushuka dawa yake ni kitu chochote kitamu, soda, asali, juisi, na kwa mwenye kisukari aliyeshukiwa ni kweli. Kwa Kibonge sukari ya matunda na ya maziwa zinaingia, zinafika kwenye ule mlango uliofungwa, zinakwama, zinageuka asidi kwenye damu na mtoto anaanza kuhema mbio. Anachotaka ni glukosi yenyewe, ile ya boksi ya dukani. Kama umekwama huna kabisa basi sukari ya mezani afadhali, nusu yake ni glukosi, lakini mimi kutembea bila boksi langu ni kama kutembea bila nguo.

Hata dawa za homa ni hivyohivyo, sirapu karibu zote zina sukari au sorbito, kitamu ambacho mwilini kinageuka sukari ya matunda ileile. Sisi tunatumia paracetamol ya kuweka nyuma, ambayo pia akitapika haitoki, na ibuprofen hatugusi kwa sababu ugonjwa huu unafanya damu isigande vizuri, anatoka damu puani hata kwa kupenga kamasi tu. Muuza dawa mmoja alinibishia dakika kumi juu ya hilo na foleni nyuma yangu.

Saa nne usiku akanywa kikombe chote. Nikasema alhamdulillahi, nikaweka alamu saa saba. Babake yuko safari Mombasa na lori, tupo wawili tu.

Saa saba akaamka mkali, analia, hataki kuguswa, kikombe akakipiga teke. Ukali ni dalili, wa usingizi unaisha akishika simu, huu hauishi. Nikamnywesha maji ya glukosi kwa sirinji, kidogo kidogo shavuni, nusu imwagike nusu iingie. Kisha nikampima kidole, kipimo kikasema 9.8. Nikakaa chini kabisa sakafuni kwa raha. Halafu nikamwangalia, jasho shingoni, midomo imepauka, nikajiuliza 9.8 gani hii? Vidole! Glukosi ilikuwa imemmwagikia mkononi, nimepima sukari ya ngozi. Nikamwosha kwa maji, nikakausha, nikatoboa kidole kingine, 3.1. Sisi tunataka isishuke chini ya 3.9. Stripu moja imeenda bure na bei yake mnaijua wenyewe, ila ningeiamini ile 9.8 nikarudi kulala sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wanga nikamkorogea, akanywa nusu, dakika kumi ukarudi wote kwenye kanga yangu. Nikarudia. Ukarudi. Nikampigia jirani wa juisi, saa nane kasoro, akapokea mlio wa pili, akapanda na funguo za gari na shuka begani. Njiani nikawa nampaka glukosi iliyokorogwa nzito ndani ya mashavu, yuko macho bado kwa hio anameza, angekuwa amelala nisingethubutu maana atapaliwa.

Sasa hospitali. Dirishani nikasema mtoto ana homa na anatapika. Mimi mtu wa Tanga, homa kwangu ni joto la mwili, Nairobi homa ni mafua, dada wa watu akaandika mafua. Akamtazama, mashavu hayo, kitumbo hicho, mtoto ameshiba huyu. Sukari 3.4, akasema si mbaya, kaeni pale namba 14. Nikamwambia hio ni glukosi niliyompaka dakika tano zilizopita, ndani ya nusu saa itakuwa imeisha na mtoto huyu hana akiba. Akanipa paketi za ORS. ORS ni nzuri kwa mtoto anayeharisha, lakini glukosi yake ni gramu 13.5 tu kwenye lita nzima, haifiki hata asilimia moja na nusu, na yeye anahitaji kama kumi. Ni kuzima moto kwa mate. Nikatoa barua, akaiweka pembeni chini ya stepla.

Mimi si mtu wa kelele, nimelelewa kuona haya mbele ya watu, lakini mwaka jana hospitali nyingine nilikaa kwa adabu masaa mawili na mtoto akaanguka degedege mikononi mwangu. Kwa hio safari hii nikasimama katikati ya ile korido nikasema kwa sauti, mtoto wangu ataanguka hapa na nyote mtakuwa mmeniona nikisema. Jirani akaongezea ya Kikuyu, sikuelewa hata neno ila yalikuwa na uzito.

Akatoka daktari kijana, macho mekundu ya zamu, akaichukua barua akaisoma. Akaisoma tena. Akasema ukweli mama, huu niliusoma darasani tu sijawahi kuuona, niambie kipi nisifanye. Walai nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia tu, usimwekee dripu ya Ringer, ina lakteti, ile asidi ya kwenye damu, na yeye lakteti yake tayari imejaa, na usitegemee sindano ya glukagoni, hio inaliamrisha ini litoe akiba na ndo kitu lisichoweza. Akamchoma dekstrosi, ndo glukosi hiyohiyo, ya asilimia 10, mililita 34, taratibu, kisha dripu hiyohiyo ikaendelea. Hilo la kuendelea nalo watu husahau, wanachoma mara moja sukari inapanda, mwili unamwaga insulini, baada ya muda inashuka chini kuliko mwanzo.

Dakika ishirini hivi, Kibonge akafungua macho akauliza mbona jirani amevaa shuka.

Malaria wakapima, hana. Kifua safi. Kirusi tu cha mafua, kile ambacho darasa zima limepita nacho kwa leso. Na chanjo ya mafua huwa nalipia kila mwaka, mwaka huu nimechelewa wiki tatu kwa sababu ya ada, hilo ni langu peke yangu.

Asubuhi ikaja zamu mpya na wanataka kitanda, nesi akashika dripu atoe, mtoto si amepona. Nikamwomba, dada yangu tafadhali, kwanza anywe kikombe, akae nacho saa nzima, uipunguze polepole ndo uitoe. Akakunja uso lakini akakubali. Akanywa, hakutapika, saa sita mchana tukatoka.

Barua nimeilaminisha na juu kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu maneno matatu, HANA AKIBA, HARAKA. Dirishani siku hizi sianzi tena na neno homa.

Ijumaa jioni mlango ukagongwa, jirani huyo, kabeba chupa ya chai yenye uji mwepesi wa mahindi. Amesimama mlangoni kama mtu anayefanya mtihani, ananiambia sijaweka maziwa, sijaweka sukari, nimeweka ile glukosi ya boksi vijiko viwili, nimekosea? Nikamwambia hujakosea hata kidogo. Kibonge akaonja vijiko vitatu, akamtazama usoni, akasema hauna ladha, ile juisi yako iko wapi.