Onyoso: jinsi nilivyomtambua malkia wa chungu aliyeangukia barazani

Mvua ya Aprili ilikuwa imekatika adhuhuri, na nje jua lilishaanza kuchoma, nilipomwona anatambaa kwenye saruji ya baraza. Mweusi wa kuelekea wekundu, tumbo nene kama kunde, mabawa yamebaki upande mmoja tu. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, nimeolewa Bondo kwa Wajaluo, na kwetu kinachoruka makundi kwa makundi baada ya mvua ni kumbikumbi. Nikasema, "Mama, kumbikumbi wametoka."

Mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mtama. Alitazama mara moja tu. "Nyar Kwale, kumbikumbi sisi tunaita ngwen. Huyo si ngwen. Huyo ni onyoso."

"Si wanatoka kwenye kichuguu kimoja?"

"Wanatoka kimoja. Lakini huyu si mtoto wa mle."

Sikuelewa, na nilitaka kuelewa. Nimekuwa nikipiga picha wadudu kwa miaka kadhaa, na jina la kienyeji hunifurahisha, ila hunifurahisha zaidi nikilipata na mwenzake wa kisayansi. Nikamtia kwenye chupa ya jamu pamoja na pamba yenye unyevu. Kabla ya usiku alishayakwanyua mabawa yaliyobaki, yakalala chini ya chupa.

La kwanza lilikuwa rahisi: mama alisema kweli. Kumbikumbi ni mchwa mwenye mabawa, na papasi za mchwa, vile vipembe viwili vya kichwani, zimenyooka kama ushanga uliotungwa, kiuno chake ni kipana, mabawa yake manne yanalingana. Huyu papasi zake zilikuwa na kiwiko, kipande kirefu kisha zinakunjika. Kiuno kilikuwa chembamba mno. Na ya mabawa yaliyoanguka, la mbele lilikuwa refu kuliko la nyuma. Basi ni chungu. Kwamba ni malkia nilijua kwa kifua chake kipana kilichobeba misuli ya kurukia, makovu pale mabawa yalipokatikia, na vijicho vitatu vidogo juu ya paji. Malkia wa siafu nilimwondoa kwenye hesabu papo hapo, kwa sababu yeye hana mabawa maisha yake yote.

Hapo ndipo nilipokosea. Kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za Naivasha. Wengi mnakumbuka kesi ya mwaka 2025: vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na malkia wapatao 5,000, kila mmoja ndani ya kijichupa chenye pamba, na tarehe 7 Mei washtakiwa wanne, hao wawili wakiwemo, wakatozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Waliokuwa wakisakwa zaidi ni Messor cephalotes, chungu wakubwa wanaovuna mbegu. Nami nina chungu mkubwa, mweusi mwenye wekundu. Nikampima kwa rula: milimita 23. Nikajiambia ni huyo huyo.

Nilimweka kwenye friji dakika chache apoe na kutulia, kisha nikampiga picha za ubavuni kwa lenzi ndogo inayobanwa kwenye simu. Picha ya ubavu ndiyo yenye thamani, wengi hupiga kutoka juu na hawaambulii kitu. Ubavuni unaona kiuno. Chungu wa jenasi ya Camponotus, wale wakubwa wanaozunguka usiku, wana nundu moja kati ya kifua na tumbo. Huyu alikuwa nazo mbili zimefuatana, na hilo lilimweka kwenye kundi la Myrmicinae. Messor nao wamo humo humo, kwa hiyo nundu mbili zikanizidishia uhakika wa uongo.

Kilichonizindua ni kichwa. Nilifungua picha za AntWeb, hazina ya vielelezo vya chungu inayotunzwa na California Academy of Sciences, nikaweka Messor cephalotes kando ya wangu. Yule kichwa kipana, taya nene za kusaga mbegu. Wangu kichwa kidogo kwa kifua chake, kama cha mtu aliyevaa koti la mwingine, na tumbo limezidi vyote. Nilirudia kutazama mara tatu nikitamani vifanane. Havikufanana.

Asubuhi nikamwomba mama anionyeshe walikotokea. Alinipeleka nyuma ya zizi la zamani kwenye kichuguu kilichoota nyasi, akanionyesha vitundu ubavuni ambavyo jana havikuwepo. Nikachimbua kidogo kwa kijiti. Mwanzoni niliona udongo tu. Kisha udongo ukawa unatembea: sisimizi wa rangi ya manjano, wadogo kiasi cha milimita mbili, na kwenye lenzi sikuona jicho hata moja. Nundu mbili kiunoni, kama malkia. Urefu wake ni zaidi ya mara kumi ya wao, na bado ndio waliomlea.

Ukishaona tofauti kubwa namna ile kati ya malkia na vibarua, ndani ya kichuguu cha mchwa, majina yanayobaki ni machache mno. Nilifika kwenye jenasi ya Carebara, na picha za Carebara vidua zikamaliza kazi: kichwa, kifua, nundu, tumbo. Jina hilo alilitoa Frederick Smith mwaka 1858, na vidua kwa Kilatini ni mjane. Nikatafuta habari zake za hapa nyumbani nikakuta watafiti Lepage na Darlington walichapisha mwaka 1984 uchunguzi wao kuhusu chungu huyu anavyowinda mchwa nchini Kenya. Anaishi ndani ya makazi ya mchwa, na mchwa ndio chakula chake. Maneno ya mama yakanirudia: wanatoka kimoja, lakini si mtoto wa mle.

Pia nilisoma kwamba waandishi wa zamani walidai malkia huruka na vibarua wawili watatu wameng'ang'ania manyoya ya miguu yake. Nilikagua miguu yote sita kwenye picha. Wangu hakuwa na abiria.

Sikumfuga. Chungu hawa ni wa porini, na malkia mmoja ni koloni zima ambalo bado halijazaliwa. Siku ya pili jioni nilimpeleka umbali kidogo kutoka kile kichuguu, penye udongo laini, nikaulaza mdomo wa chupa chini. Mama alikuja nami, akaomba ile lenzi, akainama kumtazama kiunoni.

"Hizi ndizo ulikuwa unahesabu usiku kucha?"

"Ndiyo, Mama. Mbili."

Akahesabu na yeye, kwa sauti, "achiel, ariyo," huku onyoso ameshaanza kukwangua udongo kwa taya zake.