Endeavour ya 1:64: nilivyofunika ile omo yake butu bila kubaki na mapengo

Watu wengi wakitaka kuanza kutengeneza modeli za meli za matanga wanaogopa kamba. Wanaangalia ule utando wote kwenye milingoti wanasema hapana, hii siiwezi. Mi naona kamba ni uvumilivu tu, ukishajua mafundo mawili matatu mikono inazoea, kinachofanya watu waache modeli nusu njia na kuisukumia juu ya kabati ni mbao za ubavu, na hasa pale mbele kwenye omo ambapo meli inajikunja na ubao unakataa kufuata. Inaanza vizuri, mbao tatu nne za kwanza zinakaa safi, alafu ya tano inapanda juu ya mwenzake, ya sita inaacha pengo, na kuanzia hapo ni kuziba kwa unga wa mbao na gundi mpaka kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa ulio kama uti wa mgongo wa meli. Nataka nielezee nilivyofanya mimi kwenye Endeavour ya 1:64, yaani modeli ndogo mara 64 kuliko meli halisi, coz omo yake ni butu sana, ukiiweza hiyo nyingi zilizobaki hazitakutisha.

Kwa asiyeijua, Endeavour ndo meli ya nahodha Mwingereza James Cook kwenye safari yake ya kwanza ya Pasifiki, 1768 mpaka 1771. Ila haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa Whitby, Uingereza, mwaka 1764 ikiitwa Earl of Pembroke, kazi yake kubeba makaa ya mawe, na jeshi la majini likaja kuinunua 1768. Hiyo historia ndo inaeleza umbo lake lote, meli ya makaa inataka tumbo kubwa, na chini iwe bapa ili maji yakipwa ikae kwenye tope bila kulala ubavu, kwa hiyo mbele hawakuichonga ikawa kali, wakaiacha imejaa kama shavu. Urefu wake ni kama mita 32 na upana mita 8.9, ukigawa kwa 64 unapata kiwiliwili cha nusu mita hivi na upana wa sentimita 14. Na uzuri mwingine, ilipokua inaandaliwa pale Deptford 1768 ilipimwa na kuchorwa, michoro hiyo ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya National Maritime Museum, Greenwich, kwa hiyo umbo la meli hulibahatishi.

Mifupa sitaielezea sana. Mkuku, hanamu (ule mti unaosimama mbele), fashini (ule unaosimama nyuma), na mataruma, yaani mbavu za meli, ya plaiwudi yanayochomekwa kwenye nafasi zake, ukifuata mchoro yanakaa. Jambo moja tu nisisitize, kati ya mataruma ya mbele kabisa jaza vipande vya mti laini, hata balsa inatosha, uchonge na msasa mpaka shavu la meli litokee lenyewe kabla hujaweka ubao hata mmoja. Bila hivyo ubao unashika kwenye taruma tu, katikati unabaki hewani, na kila taruma linatoa kona. Alafu chukua kijiti chembamba kinachopinda, kilaze juu ya mataruma kuanzia omo mpaka tezi kule nyuma, kisogeze juu na chini. Kikiacha mwanya mahali basi taruma la hapo ni dogo, bandika kipande. Kikiinuka ni kubwa, endelea na msasa. Hii kazi inachosha na haionekani mwishoni lakini usiiharakishe.

Sasa tuje kwenye penyewe. Ubao wa meli halisi ya aina hii ukisema ulikua na upana wa sentimita 28, kwa 1:64 ni milimita 4.4. Mtu ananunua vipande vya milimita 4.4, anaanza kubandika kutoka juu kushuka chini, vyote upana mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, na hapo ndo shida inapozaliwa. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma la katikati kuanzia chini ya ule mkanda wa mbao nene wa ubavuni mpaka kwenye mkuku, weka alama. Kwangu ilikua milimita 110. Fanya hivo hivo pale mbele kwenye hanamu, nikapata 70. Yaani mbao 25 zinazokaa vizuri katikati zinatakiwa zote ziingie mbele kwenye milimita 70, na haziwezi kuingia mpaka kila moja ipunguzwe ifike 2.8. Ukikataa kupunguza kwa mahesabu, mbao zitajipunguza zenyewe kwa kupandana.

Kwa hiyo kabla ya gundi nilikaa na penseli. Nilichukua ukanda wa karatasi wa kila taruma nikaugawa sehemu 25 sawa, sio kwa rula maana inachosha na inakosea, nilichora kwenye karatasi kubwa mistari 26 inayotoka nukta moja na kufunguka kama feni, ukilaza ukanda wako juu ya hiyo mistari unausogeza mpaka mwanzo na mwisho vikae kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho, alafu unaweka alama pale mistari inapokata. Hapo hapo umegawa. Kisha nikahamishia alama kwenye mataruma yenyewe, na kabla ya kuziamini nikapitisha nyuzi nyembamba mbele mpaka nyuma kwenye kila ubao wa tano, nikaziangalia kutoka mbali, kutoka chini, kutoka nyuma. Jicho linaona kupinda ambako rula haioni. Uzi ukiwa na nundu unausogeza nusu milimita na nundu inaondoka. Mi hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote, meli haina ubao hata mmoja lakini tayari unaiona.

Kanuni ya wajenzi wa zamani ambayo nimeifuata ni kwamba ubao usipungue chini ya nusu ya upana wake kule mwishoni, sababu ukiwa mwembamba sana hauna pa kushika msumari. Kwangu nusu ni 2.2, na 2.8 iko juu yake, kwa hiyo zote 25 zilifika mbele. Ingekua chini ya hapo ingebidi mbao mbili ziishie njiani na nafasi yao ichukuliwe na ubao mmoja mpana uliokatwa pembe mbili. Nyuma ni kinyume, kule chini karibu na fashini nafasi inapanuka, hivyo unaongeza kipande cha kabari kati ya mbao mbili, wala usinyooshe ubao kwa nguvu kuziba.

Lakini kupunguza peke yake hakutoshi. Ubao mwembamba unapinda kirahisi kwa bapa lake, kwa ubavu wake unagoma, na pale omoni unatakiwa upinde vyote viwili, uzunguke shavu na hapo hapo ushuke. Ukiulazimisha ukingo mmoja unanyanyuka kama unataka kukimbia. Nilichofanya, niliulaza ubao bapa juu ya meza, nikabana mwisho mmoja na kibano, nikausukuma kwa upande mpaka upate mkunjo, nikabana na mwisho wa pili, alafu nikaupiga joto la draya ya nywele mpaka ukawa wa moto kabisa kushika, nikauacha upoe ukiwa bado umebanwa. Ukifungua unarudi kidogo, kwa hiyo ukunje zaidi ya unavyohitaji. Kinachokunja mbao ni joto, linalainisha ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na ikipoa inaganda kwenye umbo jipya. Wengi wanaloweka ubao kwenye maji masaa na masaa. Mimi nalowesha kidogo tu, kwasababu ubao ulioshiba maji unavimba upana, unaubandika ukiwa umebana vizuri, usiku unakauka unasinyaa, asubuhi unakuta ufa na hujui umetoka wapi.

Baada ya hapo mbao zilikaa kwa kidole. Kweli kabisa, gundi kidogo, pini mbili kwa muda, basi.

Tuongee kipimo kidogo maana hapa ndo modeli nyingi nzuri zinajisaliti. Meli yenyewe ilikua ya mwaloni lakini mwaloni kwenye modeli sikushauri, vitundu vyake vinaonekana kwa macho, ukivizidisha mara 64 ni mashimo ya kuingiza ngumi. Mti wa peasi au boksiwudi nyuzi zake ni laini sana na ndo unaonekana kama mwaloni kwa udogo huo. Urefu nao una kipimo, hakuna mti uliotoa ubao mmoja kutoka omo mpaka tezi, mbao zilikua za mita saba hivi, kwa hiyo kwangu kila sentimita 11 kuna kiungo, na viungo havikai popote, mbao mbili zilizopakana viungo vyake vinaachana mbali, na kiungo hakirudi kwenye taruma lile lile mpaka zipite mbao tatu kati yake. Ni kwa sababu ya nguvu, viungo vikipangana kwenye mstari mmoja ubavu unakatikia hapo. Vile vijiti vya mbao vilivyoshikilia mbao kwenye mataruma kwa 1:64 vinakua nusu milimita, nilivitoa kwenye mwanzi, maana mwanzi unapasuka kufuata nyuzi zake bila kupinda, unauvuta kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kupungua mpaka ufike.

Kitu kingine unachotakiwa kuamua mapema ni meli yako ni ya tarehe gani. Endeavour ilikua na mizinga mikubwa 10, lakini tarehe 11 Juni 1770 ilipanda mwamba kwenye Great Barrier Reef huko Australia na ili wainasue ikabidi watupe baharini vitu vizito, mizinga sita ikiwemo, ile ambayo ilikuja kuopolewa 1969. Kwa hiyo ukisema modeli yako ni Endeavour ikirudi nyumbani 1771 na umeweka mizinga 10, modeli yako inasema uongo. Mi nilichagua Agosti 1768 inapotoka Plymouth. Chini ya maji hakuna shaba, usidanganyike na modeli za meli za baadae, hii ilifunikwa ngozi ya pili ya mbao kuikinga na wale minyoo wa bahari wanaotoboa, ikapakwa deheni nyeupe ya wakati ule, mafuta ya nyangumi, ulimbo na salfa. Ukifikiria huo mchanganyiko unajua rangi haikua nyeupe ya karatasi. Nilichanganya nyeupe na njano kidogo na tone la kahawia, bila mng'ao, nikapaka nyembamba ili mistari ya mbao ibaki inaonekana, maana baada ya kazi yote ile ya penseli nisingekubali kuizika.

Kwenye kamba nina neno moja tu ambalo natamani kila anaeanza alijue. Majedwali ya zamani yanaandika ukubwa wa kamba kwa mzunguko wake, sio kwa unene. Wakisema kamba ya inchi 7 wanamaanisha ukiizungushia uzi unapata inchi 7, unene wake ni inchi 2.2 tu, sentimita 5.7 hivi, kwa 1:64 ni milimita 0.9. Mtu akidhani inchi 7 ndo unene anaweka kamba ya karibu milimita 3, na meli inaonekana imefungwa na minyororo. Gawa kwa 3.14 kwanza alafu ndo ugawe kwa 64. Kamba zenyewe nasokota mwenyewe, nyuzi tatu zinapindwa upande mmoja, kisha zote pamoja zinapindwa upande wa pili, na ule ubishi wa pande mbili ndo unafanya kamba isifunguke. Ile ya nanga ni ya kipekee, unachukua kamba tatu zilizokwisha sokotwa unazisokota tena kwa kurudi kinyume, ukiiweka karibu na nyingine unaona mistari yake inaelekea upande tofauti. Ni kitu cha milimita chache pale omoni lakini anaejua akiinama anakiona. Kamba zinazoshika milingoti nazipaka kahawia nzito sana, lami haikua nyeusi tii, na zile za kuvuta matanga naziacha na rangi ya katani.

Vidaraja vya ngazi za kamba za kupandia milingoti vinaenda kila milimita 5, vidole vinauma, pumzika.

Mwisho kabisa kuhusu sanduku la kioo. Modeli isiyo na kioo vumbi linaingia kwenye kamba na halitoki, kwa hiyo weka kioo, ila fremu isiwe ya mwaloni. Mwaloni unatoa mvuke wa asidi miaka na miaka, na kama nanga au mizinga yako ni ya risasi, kwenye sanduku lililozibwa inaanza kuota unga mweupe na kumomonyoka mpaka inavunjika. Nanga zangu nimechonga shaba, mizinga pia, na bado nimeacha matundu madogo chini ya sanduku upande wa nyuma hewa ipite.